Kruzi Ikikataa, Anza Kwenye Breki

Kazi yangu ilikuwa rewaya, yaani fundi wa umeme wa magari, na karibu yote nimeifanyia Dar es Salaam. Nilijifunza kwenye magari ambayo nyaya zake zote ungeweza kuzichora kwenye karatasi moja: Peugeot 504, Land Rover, Datsun pikapu. Alternata, stata, taa, honi na waipa, basi. Biashara ilipofunguliwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 na rekondisheni za Japani zikaanza kumiminika, gereji zetu hazikupokea magari mapya tu, zilipokea namna mpya ya gari kuharibika. Zilikuja Mark II, Crown, Land Cruiser na baadaye Prado, zikiwa na kontroli boksi chini ya dashibodi, na baadhi yake zikiwa na kijiti kidogo upande wa kulia wa usukani kilichoandikwa SET/COAST, RES/ACC na CANCEL. Wenye magari wengi walidhani ni cha redio. Wachache waliojua kwamba ni cha kruzi kontroli, kifaa kinachoshika mwendo mmoja bila dereva kukanyaga mafuta, walikuja na lalamiko lilelile kila mara: kruzi imekufa. Wengine wakisimulia maisha yao ya kazi husimulia watu waliokutana nao. Mimi nachagua kusimulia hitilafu hii moja, kwa sababu ndiyo iliyogeuza namna yangu ya kutafuta hitilafu nyingine zote, na kwa sababu nimebishana na mafundi wenzangu juu yake hadi nimeweka bisibisi chini, na bado naamini niko sahihi.

Ninachodai ni hiki. Kruzi ya gari la zamani inapogoma, mara nyingi haijaharibika. Imekataa kufanya kazi kwa sababu kuna kitu kingine ndani ya gari kimeiambia isifanye, na cha kwanza kushukiwa kiko juu ya pedali ya breki. Fundi anayeanza kwa kubadilisha kontroli boksi anachimba mahali pasipo na tatizo, na anayeunganisha jampa, yaani waya wa kuiruka swichi, ili kruzi ikubali anaondoa kinga ambayo mwenye gari hajui hata kama anayo. Nasema hivi si kwa sababu swichi ya breki ni rahisi na boksi ni ghali, ingawa hilo nalo ni kweli. Nasema hivi kwa sababu ya jinsi mfumo wenyewe ulivyojengwa.

Tuchukue mfumo wa Toyota za miaka ya 1990, maana ndizo zilizojaa barabarani kwetu. Kruzi ina kontroli boksi yake, tofauti na ya injini. Kijiti cha usukani kinaipelekea amri. Sensa ya mwendo inaipelekea mapigo ya umeme, manne kwa kila mzunguko wa shafti yake, yaleyale yanayotumika kuonyesha spidi kwenye dashibodi. Ndani ya boneti kuna kifaa chenye mota ndogo na klachi ya sumaku, na kazi yake ni kuvuta waya wa akseleta badala ya mguu wa dereva. Ukibonyeza SET ukiwa juu ya kilomita 40 kwa saa, boksi inakariri mwendo huo, inaipa umeme klachi ya sumaku ili ishike, kisha mota inavuta au kulegeza waya kadiri mapigo yanavyopungua au kuongezeka. Mpaka hapo ni mashine ya kawaida. Lakini hesabu njia za kuiwasha: kitufe kikuu, SET na RES. Halafu hesabu njia za kuizima: CANCEL, breki, breki ya mkono, gia ikiwekwa N au klachi ikikanyagwa kwa gari la manyuo, mwendo ukishuka chini ya 40, mwendo ukipungua kilomita 16 chini ya ule uliowekwa, sensa ya mwendo ikinyamaza, kijiti kikipiga shoti. Walioitengeneza kruzi hawakuamini kitu hata kimoja. Wameiweka kruzi pale kama mlinzi wa geti aliyeambiwa kwamba akiwa na shaka yoyote asifungue, na mlinzi wa namna hiyo asipofungua hatusemi amekufa; tunamuuliza ameona nini.

Asili ya kifaa hiki inaeleweka zaidi ukijua kilitoka kwa nani. Ralph Teetor, mhandisi wa Indiana, Marekani, alipoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto wa miaka 5, akakua akawa mkuu wa kiwanda cha pistoni ringi na mwaka 1936 akawa rais wa chama cha wahandisi wa magari nchini mwake. Inaelezwa kwamba alikerwa na mwanasheria wake aliyekuwa akiendesha kwa kushtuashtua, anaongeza na kupunguza mwendo kila alipozungumza. Hataza yake ilitolewa mwaka 1950, na mwaka 1958 kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza magari yenye kifaa hicho. Aliyekibuni hakuwa dereva, alikuwa abiria anayesikiliza gari kwa mwili. Nimeona kwamba fundi mzuri wa kruzi naye husikiliza kwanza, lakini tuliache hilo.

Turudi kwenye breki, kwa sababu hapo ndipo ushahidi ulipo mwingi. Shika tochi, lala chali chini ya dashibodi, uangalie mahali mkono wa pedali unapoishia kwa juu. Utaona swichi ya plastiki yenye nyaya nne. Nyaya mbili ni za taa za breki: mguu usipokuwepo, pini ya swichi imebonyezwa ndani na umeme umekatika, ukikanyaga, pini inatoka na taa zinawaka. Nyaya mbili nyingine zinafanya kinyume kabisa. Zimeunganika wakati hujakanyaga, na ndizo zinazopitisha umeme wa ile klachi ya sumaku, ukikanyaga, zinakata. Kwa hiyo breki inaizima kruzi kwa njia mbili kwa mpigo: inaiambia boksi kwamba dereva amekanyaga, na papo hapo inakata umeme wa klachi bila kuomba ruhusa ya boksi. Hata boksi ikichanganyikiwa ikaendelea kuamuru mafuta, waya wa akseleta utarudi. Sijaona kwenye gari la umri ule kinga nyingine iliyofikiriwa vizuri kama hiyo kwa gharama ndogo kama hiyo.

Sasa angalia pini inagusa nini. Katika magari mengi ya Kijapani haigusi chuma cha pedali moja kwa moja. Inagusa kizibo kidogo cha plastiki au mpira kilichochomekwa kwenye tundu la mkono wa pedali. Gari likiegeshwa juani mwaka baada ya mwaka, kizibo hicho kinakauka, kinapasuka, kinadondoka vipande vipande kwenye mkeka wa dereva, na pini inapenya kwenye tundu kana kwamba mtu amekanyaga breki na hataki kuondoa mguu. Hapo mambo matatu hutokea pamoja. Taa za breki hubaki zinawaka hata gari likiwa limezimwa, na asubuhi betri haina kitu. Gia ya otomatiki hutoka P bila breki kukanyagwa. Na kruzi hukataa. Mwenye gari anaenda kununua betri kwa ajili ya la kwanza, la pili hajali, na la tatu anaambiwa abadilishe boksi. Hitilafu ni moja, nayo imelala kwenye mkeka, makombo ya rangi ya maziwa au ya buluu ambayo kijana wa kuosha gari ameyafagia zamani. Kwa miaka mingi jambo langu la kwanza, kabla ya kufungua boneti, lilikuwa kuinua mkeka wa dereva.

Hali ngumu zaidi ni pale swichi inapokuwa imesogea kidogo tu, pengine baada ya mtu kubadilisha servo ya breki au kukaza nati asiyoijua. Taa za breki zinawaka na kuzimika sawasawa, ndiyo maana fundi anaipitisha swichi bila kuipima. Lakini ile jozi ya pili, inayotakiwa kuwa imeunganika, inakuwa inashika kwa ncha, na gari likitikisika kwenye rasta inaachia. Dereva anasema kruzi inakubali kisha inajizima yenyewe bila sababu. Sababu ipo, ila huwezi kuiona kwa kutazama taa. Lazima uweke mita kwenye nyaya mbili za pili, utikise pedali kwa kidole, uangalie kama usomaji unaruka. Huu ni mfano mzuri wa kile ninachokitetea. Ukianza na swali la kwa nini mlinzi amekataa, utapima jozi ya pili. Ukianza na imani kwamba boksi imekufa, taa za breki zitakudanganya kwamba huko kote ni salama.

Magari kadhaa ya zamani ya Marekani na Ulaya yanatoa ushahidi wa aina nyingine, na nauona mzito kuliko wote. Katika magari hayo boksi ya kruzi inahakikisha mzunguko wa breki ni mzima kwa kutafuta ethi kupitia nyuzi za glopu za taa za breki. Glopu zikiungua zote, ethi haionekani, na kruzi inakataa. Na siku hizi kuna njia ya kisasa ya kuikatalisha: mwenye gari anaondoa glopu za kawaida za breki, anaweka za LED kwa kuwa zinang’aa zaidi, na tangu siku hiyo kruzi haifanyi kazi. LED haipitishi umeme ule mdogo kama unavyopita kwenye uzi wa glopu. Hakuna kilichoharibika hata kidogo. Boksi ni nzima, swichi ni nzima, waya ni mzima, taa zinawaka vizuri kuliko zamani. Kilichobadilika ni kwamba kruzi haioni tena uthibitisho iliozoea kuuona, na kwa kukosa uthibitisho imechagua kutofanya kazi. Atakayebadilisha boksi kwenye gari kama hilo atabadilisha hata tatu.

Nje ya breki, kila kikwazo kina shahidi wake, na mashahidi hao hawahitaji mashine. Honi ni mmoja wao. Amri za kijiti zinapita kwenye utepe wa nyaya unaojiviringisha nyuma ya usukani, na utepe huohuo unabeba honi na, kwa magari yenye eabegi, taa yake ya tahadhari. Honi ikigoma au ikilia kwa kukatikakatika usukani ukizungushwa, usihangaike na boksi. Mshale wa spidi ni shahidi mwingine, na taa ya rivasi inaweza kukudokezea habari za swichi ya gia. Kijiti chenyewe kinadanganya kwa ujanja zaidi. Katika Toyota za baadaye amri zote zinapita kwenye waya mmoja na zinatofautishwa kwa rizista: takriban ohm 240 kwa RES, 630 kwa SET, 1,540 kwa CANCEL. Kutu au uchafu kwenye kontakti ukiongeza ohm mia kadhaa, SET haisomeki tena kama SET. Boksi imepokea neno isilolijua, nayo haibahatishi. Ukipima ukinzani huku unabonyeza taratibu, namba itakuambia yote.

Pingamizi la kwanza nililolisikia, hasa kutoka kwa vijana waliotoka chuoni na mashine mikononi, ni kwamba haya yote ni mambo ya zamani: chomeka mashine, soma kodi, tengeneza. Siipingi mashine. Lakini kwa magari ninayoyazungumzia ina upofu wa aina mbili. Kwanza, boksi ya kruzi iko peke yake, na mashine ya kawaida inazungumza na injini tu. Toyota wenyewe waliweka njia nyingine: unaunganisha TC na E1 kwenye kisanduku cha kupimia ndani ya boneti, unawasha swichi, na taa ya kruzi kwenye dashibodi inapepesa kodi zake. Kodi 21 inakuambia mapigo ya mwendo hayafiki. Kodi 23 inakuambia mwendo umeshuka kilomita 16 au zaidi chini ya uliowekwa. Hapo ndipo kitabu cha kiwanda kinapoongeza maelezo ambayo kila fundi angeyasoma angepunguza spea za bure: gari likipunguza mwendo mlimani, hiyo si hitilafu. Land Cruiser ya dizeli iliyosheheni ikipanda mlima Kitonga lazima iukose mwendo uliowekwa, na boksi ikijizima imefanya kazi yake.

Upofu wa pili ni mbaya zaidi. Kizibo cha pedali kikivunjika, huenda usipate kodi yoyote. Kwa nini boksi iandike kodi? Kwa uelewa wake dereva amekanyaga breki, na kukanyaga breki si kosa. Inaweza kukaa miezi sita ikiamini kwamba dereva wake anatembea Dar nzima mguu ukiwa juu ya breki, na isione ajabu. Kwa hiyo hitilafu ninayoishuku kwanza ndiyo ambayo mfumo hauna namna ya kuiripoti. Fundi anayesubiri kodi atasoma kwamba hakuna tatizo, kisha atahitimisha kwamba kama hakuna kodi na kruzi haifanyi kazi basi boksi yenyewe ndiyo mbovu. Ukimsikiliza anasema jambo la akili. Ila amesahau kwamba kutokuwepo kwa kodi ni ushahidi unaomwelekeza kwenye breki, sio kwenye boksi.

Pingamizi la pili linatoka kwa wenye magari, nao wana haki ya kuuliza: kwa barabara zetu, kruzi ya nini? Matuta, bodaboda, malori, mbuzi, kibao cha 50 kila kijiji na tochi ya trafiki nyuma ya mti. Nakubali kwamba Dar hadi Chalinze kruzi ni pambo. Iko mikoa ambako mtu anaweza kwenda kilomita nyingi bila kugusa kitu, ukitoka Dodoma kuelekea Singida kwa mfano, na nawajua madereva wanaoitumia huko ili mguu usije ukawasahaulisha wakapigwa tochi. Kwenye lami yenye maji isiwashwe kabisa. Lakini hata kama hutaiwasha maisha yako yote, jibu langu ni lilelile. Swichi inayoizuia kruzi ndiyo inayomwambia aliye nyuma yako kwamba unasimama. Gari ambalo taa zake za breki zinawaka muda wote halina taa za breki. Dereva wa basi anayekufuata usiku hana namna ya kujua ni lini umekanyaga kweli. Kruzi inapokataa inakuletea habari hiyo bure, na kwa wengi itakuwa ndiyo habari pekee watakayoipata, kwa sababu hakuna anayeendesha gari huku akitazama taa zake za nyuma.

La tatu ni la mafundi wenyewe, na linasemwa kwa sauti ya chini: mteja hailipii akili, analipia spea. Ukimwambia umekagua nusu siku ukaweka kizibo cha plastiki, atauliza mbona bei. Ukimwonyesha boksi ya mtumba uliyoitoa Shaurimoyo, atalipa bila neno. Au mpe jampa: unganisha zile nyaya mbili za klachi ya sumaku moja kwa moja, mchezo umekwisha, kruzi inafanya kazi na kila mtu anafurahi. Kuhusu bei sina jibu la kumridhisha mwenye njaa. Niliishi kwa kuwaonyesha wateja makombo ya kizibo kwenye kiganja na taa za breki zikizimika mbele ya macho yao, na wengi walilipa. Wasiolipa walikwenda kwa jirani. Kuhusu jampa jibu ninalo. Ukiziunganisha nyaya hizo, njia ya pili ya kukata, ile isiyoomba ruhusa ya boksi, haipo tena. Kruzi bado itajizima kwa breki kwa sababu boksi inasoma taa, na hiyo ndiyo inayomfanya fundi aone hajafanya ubaya. Amebakiza njia moja badala ya mbili, kwenye gari la miaka ishirini na tano, ambalo fyuzi na nyaya za taa za breki ndizo zinazoungua kwanza. Siku njia hiyo moja itakaponyamaza, akseleta itabaki imevutwa mpaka mwendo upungue zile kilomita 16, na dereva atakuwa anakanyaga breki dhidi ya injini. Bado ana N, bado ana swichi ya kuzimia, lakini dereva aliyeshtuka havikumbuki hivyo haraka.

Kuna pingamizi la nne ambalo mafundi wachache hulileta, nalo ndilo zito kuliko yote, kwa sababu linashambulia swichi yenyewe. Nchini Marekani, kati ya mwaka 1999 na 2009, Ford waliyarudisha kwa awamu magari yao zaidi ya milioni 14 kwa sababu ya swichi ya kuzimia kruzi. Ilikuwa imefungwa kwenye masta silinda ya breki, ikitenganishwa na maji ya breki kwa utando mwembamba, na katika magari mengi ilikuwa na umeme muda wote, hata funguo zikiwa mfukoni. Utando ulipopasuka, maji yalivuja ndani, kontakti zikaliwa na kutu, zikapata moto, na baadhi ya magari yaliyoegeshwa yakaungua, mengine pamoja na nyumba. Basi, wanasema, unaitukuza vipi kinga inayochoma nyumba? Swali ni la haki. Lakini angalia walichofanya kuirekebisha. Hawakuipiga jampa swichi na kuwaachia watu kruzi isiyokatika. Spea zilipokuwa bado hazijafika waliitenganisha kabisa, kruzi ikabaki haifanyi kazi, na zilipofika wakaongeza waya wenye fyuzi ili umeme ukatike swichi ikiharibika. Kati ya kruzi isiyokubali na kruzi isiyozimika, walichagua isiyokubali bila kusita. Kisa hicho kinaniongezea sababu ya kuitazama swichi ya breki kwanza, na kwa gari la aina ile, kuitazama kwa pua pia: harufu na unyevu wa maji ya breki kwenye plagi havisubiri kesho.

Sisemi kwamba kruzi haifi kamwe. Mercedes za W123 na W124 zinajulikana dunia nzima kwa lehemu za boksi ya kruzi kupasuka. Ukiifungua na kuzipitia upya kwa chuma cha kulehemia, mara nyingi inafufuka. Mifumo inayotumia vakyumu ina mipira inayopasuka kwa joto na daiframu zinazotoboka, na hapo mwendo unapandashuka badala ya kukataa moja kwa moja. Waya wa akseleta uliolegea unaleta kuvutavuta kulekule. Klachi ya sumaku nayo inaungua. Lakini hata hapa mpangilio wa kazi ninaoutetea haupotezi kitu. Kupima swichi ya breki, honi, mshale wa spidi na taa za nyuma ni kazi ya muda mfupi na haihitaji kununua chochote. Ukiikuta yote mizima, unafungua boksi ukiwa na sababu ya kuifungua.

Na spea ikikosekana kabisa, kama inavyotokea kwa magari ambayo hata Japani yamekwisha kuwa chuma chakavu na sisi tunayalipia ushuru wa uchakavu, ushauri wangu kwa fundi ni kuikata kruzi moja kwa moja. Chomoa plagi ya mota yake, funga plagi kwa tepu, hakikisha taa za breki zinafanya kazi peke yake, na umwambie mwenye gari ulichofanya. Ubaya wake ni kwamba dereva atakanyaga mafuta kwa mguu wake mwenyewe.

Vijana waliobaki gereji hunijibu kwamba magari haya yanakwisha, kwamba kwenye akseleta ya umeme hakuna waya wa kuvuta wala klachi ya sumaku, na kruzi imekuwa mistari michache ya programu ndani ya kompyuta ya injini. Ni kweli. Lakini juu ya pedali ya breki bado kuna swichi yenye njia mbili zinazofanya kinyume, na kompyuta sasa inazilinganisha: zisipopatana inaandika P0504. Hapo mashine yao ina kazi nzuri kuliko kusoma kodi. Ifungue kwenye ukurasa wa data hai, tafuta mstari wa swichi ya breki, kanyaga pedali nusu sentimita, achia, kanyaga tena, na utazame kama neno linabadilika pale linapotakiwa kubadilika.